MKOJO KUVUJA NA KIZAZI KUSHUKA: MAMA, USIFICHE, MATIBABU YAPO

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo akina mama wengi wa kambi wanalijua, lakini wachache wanalitamka.

Mwanamke anayevuja mkojo anajulikana kwa mambo madogo. Anakata vipande vya kitenge kuukuu na kuvivaa ndani ya nguo. Anapunguza kunywa maji ingawa jua ni kali. Kanisani anakaa karibu na mlango, au anaacha kabisa kwenda. Akitaka kukohoa anabana miguu kwanza. Naye mwenye kizazi kinachoshuka anaogopa kuchuchumaa chooni, anaogopa kubeba ndoo, na usiku anatafuta sababu ya kulala mbali na mumewe. Akiulizwa anasema ni mgongo.

Mama huyu anadhani yuko peke yake. Hayuko peke yake. Tafiti za nchi nyingi, tajiri na maskini, zinaonyesha kwamba angalau mwanamke mmoja kati ya wanne hupatwa na mkojo kuvuja wakati fulani wa maisha yake. Hapa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao elfu kumi na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000, wanawake wa namna hiyo ni wengi. Ni majirani zetu, mama zetu na dada zetu.

Tunataka kila msomaji ashike neno moja: haya ni magonjwa ya mwili, yana sababu zinazojulikana, na mengi yake yanatibika. Baadhi yanapungua kwa mazoezi ambayo mama anaweza kuyafanya nyumbani bila kulipa chochote. Mengine yanahitaji upasuaji. La muhimu ni kujua lako ni lipi, na kufika mapema.

MWILI WA MAMA UMEJENGWAJE?

Chini ya tumbo, ndani ya mifupa ya nyonga, mwanamke ana viungo vilivyopangana. Mbele kuna kibofu cha mkojo. Katikati kuna kizazi, yaani mfuko wa uzazi, pamoja na uke. Nyuma kuna utumbo wa haja kubwa. Viungo hivi havikukalia mfupa. Vimebebwa na misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele, juu ya sehemu za siri, hadi kwenye ncha ya uti wa mgongo huko nyuma. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga.

Ifikirie kama mbeleko, kile kitenge cha kubebea mtoto mgongoni. Mbeleko ikifungwa vizuri, mtoto anatulia hata mama akilima. Ikilegea, mtoto anateremka kidogo kidogo. Misuli hii nayo ikiwa na nguvu, kibofu kinakaa mahali pake, mkojo unasubiri mpaka mama afike chooni, na kizazi kinabaki juu. Ikilegea, mkojo unaponyoka na viungo vinaanza kuteremka kuelekea ukeni.

NINI HUILEGEZA MISULI HII?

Sababu kubwa ni mimba na uzazi. Kwa miezi tisa misuli inabeba uzito unaozidi kila wiki, kisha siku ya kuzaa inavutwa sana ili mtoto apite. Mara nyingi inarudi yenyewe katika miezi inayofuata. Lakini haipati nafasi ya kurudi kama uchungu ulikuwa mrefu mno, kama mama alisukuma kabla njia haijafunguka, kama mtoto alikuwa mkubwa, kama kuna mchaniko ambao haukushonwa vizuri, au kama mimba nyingine ilifuata upesi.

Zipo sababu nyingine:

- Kubeba mizigo mizito kila siku, kama ndoo za maji, kuni na magunia, hasa katika wiki za kwanza baada ya kuzaa.
- Kukohoa kwa muda mrefu, kwa mfano kwa sababu ya kifua kikuu, pumu au moshi wa jikoni.
- Choo kigumu kinachomfanya mama ajikaze sana kila mara.
- Unene uliozidi.
- Umri. Mwanamke akikoma hedhi, mwili wake hupunguza homoni ambazo husaidia sehemu hizi kubaki imara.

Mama asiyezaa naye anaweza kupata tatizo hili. Kwa hiyo si adhabu ya tabia mbaya, wala si laana, wala si kazi ya mchawi aliyeachwa nyumbani. Pia haliambukizi. Kula pamoja na mwenye tatizo hili, kulala naye nyumba moja au kupokea chakula alichopika hakuna hatari yoyote.

TATIZO LANGU NI LIPI?

Akina mama wengi husema "ninavuja" tu, lakini kuna namna mbalimbali, na kila moja ina tiba yake. Jichunguze kwa makini.

1. Mkojo kutoka unapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua ndoo. Unatoka kidogo, kisha unakoma. Hii ni dalili ya misuli iliyolegea. Mazoezi tutakayoyaeleza hapa chini huwasaidia wengi.

2. Haraka ya ghafla. Hamu ya mkojo inakushika bila taarifa, unakimbia, na unavuja kabla hujafika chooni. Unaamka mara nyingi usiku. Hapa kibofu kinajikunja bila ruhusa yako. Lakini dalili kama hizo huletwa pia na maambukizi ya njia ya mkojo, na ugonjwa wa kisukari hufanya mtu akojoe mara kwa mara. Ndiyo maana ni lazima mkojo upimwe.

3. Uzito chini, kama kwamba kitu kinataka kuanguka. Jioni, baada ya kazi, unahisi uvimbe laini ukeni, na ukilala unarudi ndani. Huu ni kizazi kinachoshuka, au ukuta wa uke unaobeba kibofu au utumbo. Mara nyingine kizazi huonekana nje kabisa. Wapo wanaoshindwa kumaliza mkojo au haja kubwa mpaka warudishe uvimbe kwa kidole.

4. Upepo au haja kubwa kutoka bila kujizuia. Mara nyingi hutokana na mchaniko wa wakati wa kuzaa uliofika mpaka kwenye msuli wa njia ya haja kubwa. Mchaniko huo unaweza kushonwa hata kama miaka imepita.

5. Mkojo kutiririka mchana na usiku, bila kukohoa, bila hamu, hata ukiwa umelala. Kama ulianza baada ya uzazi mgumu, baada ya upasuaji au baada ya kubakwa, huenda ni fistula. Mazoezi hayazibi fistula. Soma sehemu yake hapa chini, kisha uje kituoni bila kuchelewa.

MAZOEZI YA MISULI YA CHINI

Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi haya, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza duniani kote kwa mkojo unaovuja wakati wa kukohoa. Hayana gharama wala hayahitaji chombo. Yanahitaji uvumilivu.

Kwanza, tafuta msuli wenyewe. Kaa au lala, legeza tumbo na mapaja. Sasa fanya kama unazuia upepo usitoke mbele za watu, na papo hapo kama unazuia mkojo. Utahisi sehemu za chini zinajikaza na kupanda ndani. Huo ndio msuli. Kama ni matako au mapaja yanayobana, umekosea. Kama unasukuma kwenda chini, umekosea zaidi. Usizuie pumzi, jaribu kuhesabu kwa sauti, kwani mtu anayehesabu hawezi kushikilia pumzi.

Kisha fanya hivi:

- Kaza na upandishe, hesabu mpaka 5, kisha legeza kabisa na upumzike kwa muda ule ule. Rudia mara 10. Kama mwanzoni unafika 2 au 3 tu, anza na hapo. Lengo ni kufika 10 polepole.
- Baadaye kaza haraka na uachie, mara 10.
- Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kila siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Msuli huu ni kama msuli wa mkono. Haukomai kwa wiki moja. Akina mama wengi huacha baada ya siku kumi kwa sababu hawaoni tofauti. Endelea. Na ukipona usiache kabisa.

Hakuna mtu atakayejua unafanya nini. Unaweza kukaza ukiwa kwenye foleni ya pampu ya maji, ukinyonyesha, ukikoroga ugali au ukisubiri mgao. Jizoeze pia kukaza kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua kitu. Tabia hiyo moja peke yake huzuia mkojo mwingi.

Onyo: usifanye mazoezi haya kila siku kwa kukata mkojo katikati. Kufanya hivyo kunaweza kukifanya kibofu kisimalize mkojo.

Mwenye tatizo la haraka ya ghafla aongeze zoezi lingine, yaani kukifundisha kibofu. Kama unakwenda chooni kila baada ya saa moja, jaribu kuongeza dakika 15. Hamu ikikushika, simama au kaa, kaza misuli mara kadhaa, pumua taratibu, ngoja ipungue, kisha nenda ukitembea, usikimbie. Ukizoea, ongeza dakika 15 nyingine. Lengo ni kufika saa mbili na nusu au tatu.

MAJI, CHAKULA NA MIZIGO

Usiache kunywa maji. Mama anayevuja huona kwamba akinywa kidogo atavuja kidogo. Kumbe mkojo mzito unakichokoza kibofu, unaleta harufu kali na unafanya choo kiwe kigumu. Kunywa maji kiasi cha kufanya mkojo uwe wa rangi nyepesi. Chai kali na kahawa ndizo za kupunguza.

Ili choo kiwe laini, kula mboga za majani, maharage na matunda kila unapoweza. Usijikaze chooni. Inama mbele kidogo, pumua nje, na upe mwili muda.

Kuhusu mizigo, tunajua kwamba maji hayaji yenyewe nyumbani. Hatuwezi kumwambia mama asibebe kabisa. Lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ni afadhali kwenda mara mbili na lita 10. Unapoinua, piga magoti, lete ndoo karibu na mwili, kaza misuli ya chini, pumua nje, ndipo uinuke. Na kwa wiki sita za kwanza baada ya kuzaa, ndoo kubwa na kuni zibebwe na watu wengine wa nyumba.

KITUO CHA AFYA KITANISAIDIA NINI?

Mhudumu atakuuliza maswali, atapima mkojo wako, na kwa ruhusa yako atakuchunguza sehemu za chini. Unaweza kuomba mhudumu mwanamke, na unaweza kuja na mtu unayemwamini. Kama kuna maambukizi utapewa dawa, na huenda kuvuja kukaisha hapo hapo.

Kizazi kilichoshuka kidogo hutulizwa kwa mazoezi na kwa kupunguza mizigo. Kilichoshuka zaidi kinaweza kushikiliwa na pete ya plastiki laini iitwayo pesari. Mtaalamu huchagua ukubwa unaofaa na kuiweka ukeni, nayo inabeba kizazi kisianguke. Haileti maumivu ikiwa ya kipimo sahihi. Inatolewa, inasafishwa na kurudishwa kwa ratiba utakayopewa. Inawafaa wale wasiotaka upasuaji, wanaongoja upasuaji, au wanaotaka bado kuzaa.

Kama hayo hayatoshi, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali. Madaktari wanaweza kurudisha viungo na kukaza kuta za uke, au kutoa kizazi kwa mama ambaye amemaliza kuzaa. Kabla ya kukubali, uliza: Mtanifanya nini hasa? Nitaweza kuzaa tena? Nitapumzika kwa muda gani? Hayo ni maswali yako ya haki, na jibu lazima ulielewe kwa lugha yako.

FISTULA: TUNDU LINALOZIBIKA

Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo wa haja kubwa na uke. Inatokea hivi. Mtoto anakwama njiani, uchungu unakwenda siku moja, mbili, tatu. Kichwa cha mtoto kinabana nyama za mama juu ya mfupa, damu haipiti, na nyama inakufa. Mara nyingi mtoto naye hufa. Baada ya siku chache ile nyama iliyokufa inatoka na kuacha tundu, na mkojo unaanza kutiririka. Wengine wamepata tundu hilo kwa kubakwa kikatili. Sisi tuliotoka mashariki ya Congo tunajua vizuri jambo hilo. Hakuna aibu yoyote juu ya mama aliyetendewa hivyo. Aibu ni ya aliyetenda.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA) linakadiria kwamba wanawake wapatao nusu milioni duniani wanaishi na fistula. Wengi wanakaa nayo miaka kwa sababu hawajui kwamba inashonwa. Inashonwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba fistula zisizo ngumu hufungika kwa wagonjwa hadi 90 kati ya 100 zikishonwa na daktari aliyezoea kazi hiyo. Hata mama aliyevuja miaka ishirini anaweza kupona.

Hapa Malawi, kituo maalumu cha fistula kilifunguliwa mwaka 2012 katika Hospitali ya Bwaila, Lilongwe, na taasisi ya Freedom from Fistula Foundation, na wagonjwa hutibiwa huko bila malipo. Ni mwendo mfupi kutoka Dowa. Wenye ndugu waliobaki nyumbani wawaambie pia: huko Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 kwa kupinga ubakaji unaotumiwa kama silaha ya vita. Yeye na wenzake wamewashona maelfu ya wanawake. Huko Burundi, kituo cha fistula kilifunguliwa Gitega mwaka 2010.

Mambo matatu ya kukumbuka:

- Kama umetoka kuzaa kwa shida na mkojo umeanza kutiririka, njoo siku hiyo hiyo. Tundu dogo ambalo bado ni jipya linaweza kujifunga lenyewe kama mpira wa mkojo ukiwekwa mapema na kuachwa kwa wiki kadhaa. Ukichelewa, nafasi hiyo inapita.
- Baada ya kushonwa, mume na mke wasikutane kimwili mpaka daktari aruhusu. Kwa kawaida ni miezi mitatu au zaidi.
- Mimba itakayofuata izaliwe hospitali kwa upasuaji, ili tundu lisifunguke tena.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiweke majani, mizizi, unga wala chumvi ukeni ili kukaza au kurudisha kizazi. Vitu hivyo vinachoma, vinaleta vidonda na makovu, na vinaweza kuifanya kazi ya daktari iwe ngumu zaidi. Usikubali mtu yeyote asukume kizazi kwa nguvu au akifunge kwa kitambaa.

Kama kizazi kimetoka nje, kioshe kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, lala na uinue makalio kwa mto au nguo zilizokunjwa, kisha watu wakulete kituoni.

Kwa ngozi inayochubuka kwa sababu ya mkojo, osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha taratibu, paka mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato, na ubadilishe vitambaa mara kwa mara. Vitambaa vifuliwe na vianikwe juani. Aibu ya kuvianika inawafanya wengi wavikaushe chini ya godoro, na huko vinaleta magonjwa.

MANENO KWA KINA BABA

Baba, mkeo akianza kukukwepa usiku, usikimbilie kusema ana mtu mwingine au kutafuta mke mwingine. Muulize kwa upole kama anaumwa. Mwili wake ulipata tatizo hilo akizaa watoto wenu. Chukua ndoo, au mtume kijana wa kiume aichukue. Fuatana naye kituoni. Kama atalazwa Lilongwe, angalia watoto na umtembelee. Daktari anaweza kushona tundu, lakini kazi ya kumrudisha mama katika nyumba na katika jamii ni ya familia.

KINGA INAANZA KABLA YA KUZAA

- Hudhuria kliniki ya wajawazito tangu mwanzo wa mimba, na uzalie kituoni.
- Uchungu ukipita saa 12 bila mtoto kuzaliwa, mama asibaki nyumbani. Asingoje kuona kama kesho itakuwa nafuu.
- Usisukume mpaka mkunga aseme njia imefunguka. Wazee wa nyumba, tafadhali msimwambie binti asukume mapema.
- Pumzisha mwili angalau miaka miwili baada ya kuzaa kabla ya kupata mimba nyingine. Njia za uzazi wa mpango zipo kituoni.
- Tusiwaoze watoto wa kike. Nyonga ya msichana wa miaka 14 bado haijakomaa, na mtoto hukwama kwa urahisi.
- Anza mazoezi ya misuli ya chini ukiwa na mimba, na uyarudie siku chache baada ya kuzaa mara maumivu yanapopungua.

UKIFIKA KITUONI USEME NINI?

Wengi wanashindwa mlangoni. Wanaogopa kusema mbele ya watu, au muuguzi anasema Kichewa na mama anasema Kiswahili. Basi sema tu, "Nina shida ya kike, naomba kuzungumza faraghani." Omba mkalimani mtu mzima, mwanamke kama unataka. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Mkalimani wa kituo hana ruhusa ya kupeleka habari zako nje.

Maneno mawili ya Kichewa yatakusaidia: mkojo ni mkodzo, na kizazi ni chiberekero. Kama unavyoona, hayako mbali na yetu.

Kabla ya kuja, jiandae kujibu haya: Ulianza lini? Unavuja ukikohoa, ukishikwa na haraka, au wakati wote? Je, kuna kitu kinachotoka nje? Umezaa mara ngapi, na uzazi wa mwisho ulikuwaje? Majibu hayo manne yanamwonyesha mhudumu njia.

NJOO SIKU HIYO HIYO KAMA:

- mkojo umeziba na huwezi kukojoa kabisa;
- kizazi kimetoka na hakirudi, kinatoa damu, kimebadilika rangi au kina kidonda;
- una homa pamoja na maumivu ya kiuno au mkojo unaochoma;
- unaona damu kwenye mkojo, au unatokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi;
- miguu imekufa ganzi au imekosa nguvu pamoja na kuvuja;
- mkojo au haja kubwa inapita ukeni baada ya kuzaa.

Kwa shida nyingine zote, njoo siku yoyote ya kliniki, au zungumza na mhudumu wa afya wa jamii katika mtaa wako. Na wewe msomaji ambaye huna tatizo hili, mpelekee gazeti hili jirani yako anayekaa karibu na mlango kanisani. Kama hajui kusoma, msomee, mkiwa wawili tu.